Bibi Deodata kasema hatuna kahawa

Secilia weee, nimekaa hapa nyuma ya nyumba nalia.

Yule mnunuzi amekuja! Yule anayetaka kahawa safi kutoka shambani moja kwa moja, tuliyemngoja tangu Juni. Kaegesha gari mlangoni, kamwamkia bibi, kamuuliza, "Kahawa mnauza wenyewe?"

Bibi kasema HATUNA. Yaani hatuna! Na asubuhi nzima kachambua punje moja moja kwa mkono wake!

Mimi na kaka Xavery tulikuwa mtoni. Tunarudi, gari limeshaondoka, na magunia yote bibi kayafunika maganda ya maharage. Nampigia yule mtu, hapokei.

Kaka akafoka, "Bibi, umetumaliza!"

Bibi kamshika mkono.

Unakumbuka babu yetu, mwaka ule wa vita, alipeleka kahawa yake Burundi kuuza mwenyewe. Watu wa serikali wakasema ni magendo. Gari likaja kumchukua mlangoni pale pale, hakurudi tena. Kaka ndiye aliyepewa jina lake.

Bibi akamnong'oneza, "Nyamaza, Xavery. Nimewaambia hatuna. Safari hii wameondoka bila wewe."