Kadzo Alipoliimba Shairi

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imefika Junda, marahaba. Sote wazima, na goti la babu yako limepoa, alhamdulillahi.

Waniuliza ufanyeje, wanafunzi wako wa gredi ya saba wakisinzia kwenye ushairi. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, nikifanya mazoezi Changamwe, siku moja nilikuwa nasoma shairi na kueleza vina na mizani yake, mkaguzi kaketi nyuma. Msichana mmoja, Kadzo, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, shairi huimbwa. Mbona unalisoma kama tangazo?”

Nikamwambia, “Basi tuimbie, mwanangu.”

Akaimba bila woga. Darasa zima likapokea kibwagizo, na mkaguzi akaweka kalamu chini, akasikiliza.

Wallahi, nilimstahi mtoto yule. Hadi leo shairi lile nalisikia kwa sauti yake.

Bibi yako akupendaye