Herufi Nene za Laku

Jumatatu, 7 Julai 2025
Asubuhi saluni ya Patience, hapa Arua. Amekataa herufi nyembamba. Anataka zangu — zile nene, zisizo na kona, kila moja na tumbo lake. Mwaka wa kumi na tisa huu nachora vibao, na bado nafurahi O ikijaa rangi. Kompyuta nayo inatoa nene siku hizi, lakini zake zinalingana mno. Zangu kila moja imeshiba kivyake. K ndiyo mlafi.

Mchana simu kutoka Koboko. Stella Kiden, mjane wa Laku mwoka mikate. Kibao cha duka lao — LAKU, herufi nne nyekundu — nilikichora mimi. Sasa kaburi limesakafiwa kule Kuluba, Jumapili ni misa ya kutimiza mwaka. Anataka jina kwa herufi zile zile. Nikasema sawa kabla ya kufikiri. Kaburi! Sisi Waislamu kwetu hatuandiki makaburi. Sijui hata yanataka herufi gani.

Jumatano, 9 Julai
Nimepita Ombaci kuangalia makaburi ya Wakristo. Nyembamba zote, wima, hazicheki. Nimerudi na wasiwasi. Zangu zinauza chapati na nywele za bandia. Nikimwaibisha marehemu, Koboko nzima itanijua kwa hilo.

Kaltumu, mke wangu, anauliza: kwani Laku mwenyewe alikuwa mwembamba? Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Ijumaa, 11 Julai
Mvua. Nimefungasha rangi nyeusi tu, ya heshima. Nyekundu nimeiacha rafuni. Halafu nimeirudia, nimeitia mkobani.

Jumamosi, 12 Julai
Kuluba. Nimeketi chini na daftari ili mikono iwe na kazi, maana brashi nimeambiwa niiweke chini.

L, A, K tayari, nyekundu, zimenenepa vizuri. Imebaki U. Kenneth, mdogo wa marehemu, alisimama nyuma yangu, kisha akasema: hapa iko kaburi, hapana duka, kesho padri nakuja, watu itacheka. Nifute, niandike nyembamba. Stella akamwomba angoje. Hakungoja, amelowesha kitambaa kwa tina yangu mwenyewe, ile ya kufutia rangi. Kusema kweli nilikuwa tayari kumpisha. Niliona aibu.

Ndipo mama yao akaja, polepole. Hajui kusoma. Makaburi ya familia ni matatu, simenti tupu, yanafanana, na Stella anasema kila akija huuliza la mwanawe ni lipi. Leo hakuuliza. Amekuja moja kwa moja, akaweka kidole kwenye tumbo la A, rangi bado mbichi.

“Hii iko ya Laku,” amesema. “Iko ile ya mkate.”

Alama ya kidole imebaki. Sitaisawazisha.

Sasa anahesabu kwa kidole hicho chekundu: moja, mbili, tatu. Anamgeukia Kenneth, anamuuliza ile ingine iko wapi, kule duka iko nne.  Kitambaa kiko mkononi mwa Kenneth, tina inamdondokea viatuni. Nimeshika brashi —