Lori la Ndau

Jumatano

Lori! Huyu Athman, mtoto wa dada yangu, ataniua kwa kicheko.

Moto umeteketeza nyumba za makuti kule kisiwani Ndau. Athman, ambaye kila asubuhi huwatakia wafuasi wake kheri na baraka mtandaoni, jana aliwaomba msaada. Vizuri sana. Ila picha aliiokota hukohuko mtandaoni, eti ina moto mkubwa zaidi. Na nyuma ya moto, lori limeegeshwa.

Bi Zuhura wa Shela, mmoja wa wafuasi hao, alikuwa ameshafunga sufuria na mablanketi ya kupeleka. Asubuhi akanipigia simu. "Ndau ina ndia ya lori tangu lini? Au lilikwenda likiogelea? Sipeleki kitu!"

Hapo kicheko kikaniisha. Watu wanalala nje kweli, na msiba wao umeshageuka uongo.

Athman alitaka kuifuta picha kimyakimya. "Mjomba, watanicheka."

"Wacha wacheke. Anayecheka amesikiliza."

Basi akajirekodi, akasema wazi: "Moto ni wa kweli, picha si ya Ndau, kosa ni langu." Bi Zuhura akalainika, kwa sharti moja: Athman aupeleke mzigo mwenyewe, na simu ibaki kwake Shela.

Karudi jioni ananuka moshi, mabega yamechubuka. Amemsimulia mama yake nani kapata sufuria, nani kapata blanketi, na bibi gani kamfokea kwa uzembe wa kupakua.

Hana picha hata moja. Nimemwamini neno kwa neno.