Siku Tisa za Adeer Bishar

Aabo,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka kambi ya wanamaji Mombasa, tuliyozoea kuongea mimi na wewe, baba na binti. Adeer Bishar akiiokota barua hii hataweza kuisoma.

Nimekukasirikia. Ulisema barua isizungukezunguke, basi naanza na hilo. Pale hospitalini ulimwambia mkeo, Hooyo, asiogope, kwamba ndugu yako Bishar atatuangalia. Ametuangalia kweli, kama mnunuzi sokoni anavyomwangalia mbuzi, kwa kumfungua mdomo.

Alikuja kutoka Elwak na wazee wawili, akamtaka Hooyo kwa dumaal, kwamba mke wa marehemu ni wa ndugu yake. Alikwisha kupanga kila kitu: nyumba ya Garissa ifungwe, sisi sote tupande lori, na mimi niache darasa la nane. Aliniuliza, huku akicheka, Kiswahili changu nitamuuzia nani kule, ngamia? Kicheko hicho nakijua. Hotelini wanaume wa mtaa walikuwa wakikuita baharia wa mchangani na kukuuliza samaki hukamwa saa ngapi. Ukawajibu, "Alfajiri, nyinyi mkiwa bado mmelala." Lakini wale walikutania, na ulipokufa walikubeba. Yeye hakukubeba.

Hooyo alikuwa bado amevaa nguo nyeupe za eda. Sheikh aliyekuswalia aliitwa, akamwambia Adeer kwamba mjane hachumbiwi ndani ya eda. Adeer akasema eda imekwisha jana, amehesabu mwenyewe.

Unaikumbuka ile kamba yako nyembamba? Ukiwa baharini ulifunga fundo moja kila siku usiyotuona, na ukija likizo ulitupa sisi watoto tuyafungue, huku ukipiga pasi sare zetu za shule kwa sababu hukuamini mikono ya mtu mwingine. Hooyo alikuwa ameichukua. Tangu ulipokufa alifunga fundo kila baada ya Magharibi. Alinipa kutoka nyuma ya pazia, nikampelekea sheikh. Akahesabu polepole, vidole vyake vikipita kama kwenye tasbihi. Zilibaki siku tisa kutimia miezi minne na siku kumi.

Adeer akasema wanawake hawajui hesabu. Ndipo Hooyo akasema kutoka nyuma ya pazia, bila kupandisha sauti:

"Bishar, siku unayoanzia wewe, mume wangu alikuwa bado anakunywa uji."

Wote walielewa. Adeer alikuwa amehesabu tangu siku aliyokuacha kwenye lango la hospitali, akaenda zake kuuza mifugo. Hakurudi. Siku tisa ulimuulizia, Aabo. Mimi ndiye niliyekudanganya kwamba yuko njiani. Mazishini hakuwepo, na hakuwahi hata kuuliza ulikufa lini.

Mzee mmoja alivaa viatu vyake na kutoka. Adeer alipanda lori siku hiyohiyo.

Eda ilikwisha Ijumaa iliyopita. Hooyo amemtumia ujumbe kwa dereva wa lori: dumaal inataka neno la mjane, na neno lake ni hapana. Sheikh amekubali kuwa shahidi. Tunabaki. Hooyo atauza maziwa sokoni, na mimi Jumatatu nilirudi darasani na sare niliyoipiga pasi mwenyewe. Mkunjo wa sketi ulipinda. Ungenirudisha ndani.

Mwalimu anasema nikitia bidii nitapata nafasi ya sekondari. Naamini, ingawa simwambii mtu.

Sijamsamehe ndugu yako. Wewe nimeanza kukusamehe, kwa sababu ulimwamini mtu uliyelala naye mkeka mmoja utotoni.

Lala salama, Aabo, na Mungu alipanue kaburi lako. Kamba sasa ninayo mimi. Kila siku nikimaliza kusoma nafungua fundo moja, kama ulivyotufundisha. Lakini nakuahidi fundo la kwanza, la siku uliyokufa, sitalifungua kamwe. Hilo namwekea Adeer Bishar, siku atakapokuja kuuliza ulikufa lini.

Binti yako,
Hodan