Suruali za Baba na Stendi za Taa

Dada yangu Nyakerario,

Huku Nyanchwa tunaendelea, ila nimechoka. Juzi nikipiga picha za harusi kule Ekerenyo, upepo uliangusha stendi ya taa, nusura impige bibi harusi. Mifuko ya dukani ya kuzuia stendi ni ghali, kwa hivyo mama alikata suruali kuukuu za marehemu baba, akazishona kuwa mifuko, nami nikaijaza mchanga. Imeshika vizuri.

Alipomaliza kushona aliniuliza, "Mwenye suruali hizi hatakasirika?"

"Mama, ni za baba."

"Baba gani?"

Siku hizi ananiita mpiga picha, kama mgeni. Wewe bado anakutaja kwa jina. Tafadhali njoo angali anakukumbuka.

Mdogo wako,
Ogoti