Kwa Binamu Anania, Juu ya Neno Ulilomkatalia Tupokigwe

Uyole Juu,
Kwa Mzee Isakwisa,
Posta ya Mbeya.
9 Mei, 1954.

Mpendwa Binamu Anania, Mwinjilisti,

Kamwene. Nimeanza na salamu ya kwenu Ubena ili ujue kwamba duniani wapo watu wanaojifunza lugha ya mwenzao na wakaielewa. Hujambo? Kile kidole ulichojikwaa kwenye kisiki chetu kimepona, au bado unakionyesha kwa watu huko Iringa kama jeraha la mtume? Mjomba hajambo? Mke wa mjomba kifua kimemwachia? Waambie nimewauliza mmoja mmoja.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama yangu, yaani shangazi yako, ni mzima pia, ila tangu upande lile basi hajalitaja jina lako, na wewe unajua mama anavyopenda kutaja majina ya watu wa kwao.

Baridi imeshuka. Mahindi yamekauka shambani, maharage tumeyapiga, na viazi mwaka huu ni vikubwa kuliko kichwa chako, ingawa havijajaa vitabu. Nilibeba gunia zima peke yangu mpaka barabarani, dereva mmoja wa lori akasimama akaniuliza kama nataka kazi ya utingo. Nimemwambia nitafikiri. Tena nimeshonewa suruali ndefu Mbalizi, ina mifuko minne. Hayo nimeyaweka yakuume kidogo. Sasa tuingie kwenye yenyewe.

Barua uliyomwandikia mama nimeisoma mimi, maana mama hasomi. Nilipofika mahali fulani nilirudi nyuma nikadhani macho yangu ndiyo mabovu. Unasema siku ya Pentekoste utafuatana na mchungaji, abatize wale uliowafundisha, na kwamba Tupokigwe hayumo kwa sababu amekana kwamba Bwana atarudi. Binamu, uliandika hivyo ukiwa umeshiba?

Mchungaji yeye hatujui sisi. Ni Mbena kama wewe, na atakuuliza wewe nani yuko tayari na nani bado. Neno lako ndilo atakalolishika. Ndiyo maana nakuandikia wewe, nikamwacha mchungaji apumzike.

Jua kwanza ulichokifanya. Kaka Ezekia anarudi likizo kutoka migodini mwezi ujao. Yeye amebatizwa, mkewe Tupokigwe bado, na wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba ndoa yao haibarikiwi mpaka na mke abatizwe, na kabla ya hapo kaka hakaribii meza ya Bwana. Haya, tukakubali, tukangoja. Sasa umetangaza kwamba mke amemkana Bwana. Juzi wazee wawili wa kanisa wamekuja kwa baba kumwambia kijana Mkristo hawezi kukaa na mwanamke mkaidi wa imani, heri atafutiwe binti aliyekwisha kubatizwa. Binti wamemtaja, Juliana wa ng'ambo ya mto. Walisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba yetu unaijua, ukuta wake ni matete. Shemeji alikuwa jikoni. Ugali wa siku ile uliungua, na hiyo ni mara ya kwanza kwake.

Ngoja nikukumbushe siku yenyewe, maana wewe hukumbuka vitabu tu.

Ulikaa mle kanisani kwenye kile kiti chenye mgongo, kitabu gotini. Wanawake wamejipanga ukutani, nami nipo kando yako kwa sababu Kinyakyusa chako bila mimi ni mkokoteni bila gurudumu. Tupokigwe akaisema imani yote kwa Kinyakyusa, kuanzia Mungu Baba, kama maji ya mfereji. Hata wewe ulikuwa unatikisa kichwa kwa raha. Akafika penye "kutoka huko." Akasema, "Kutoka huko atafika kuwahukumu wazima na wafu."

Ukafunga kitabu. "Rudia."

"Atafika."

"Imeandikwa atakuja. Hiyo atafika umeitoa wapi?"

Akakutazama, kisha akanitazama mimi.

"Unaamini kwamba atakuja, au huamini?"

"Naamini."

"Basi litamke."

Mimi nikakuambia, tena kwa sauti ya heshima ambayo huwa naitunza kwa wakubwa, "Binamu, liache hilo. Hilo ni jina la baba." Hukunitazama hata usoni. Ulisema, "Wewe wa darasa la nne, kaa."

Nikakaa. Ubaya wangu ni huo, nilikaa.

Sasa nakuandikia polepole, kwa herufi kubwa, kama ulivyokuwa ukiwaandikia watoto ubaoni. Kwa Kinyakyusa jina la baba yangu, Isakwisa, na neno la kuja, kwisa, ni ndugu wa tumbo moja. Na mwanamke wa Kinyakyusa akiolewa halitamki jina la baba mkwe wake, wala neno lenye sauti ya jina hilo. Hamtazami, hakai alipokaa, akisikia anakohoa njiani hujitupa pembeni. Hiyo ndiyo heshima, hakuna mganga hapo wala tambiko. Tangu kaka amwoe, Tupokigwe hajasema kuja. Mtoto akiwa mbali humwambia "fika hapa." Mbwa humwambia "fika." Mvua kwake haiji, hufika. Ulikaa kwetu tangu mavuno hadi masika, ukila ndizi zake huku umekunja uso, na hukusikia hata siku moja?

Na mimi nakuuliza kwa akili yangu ndogo ya darasa la nne: mtu aliyefika, je, hakuja? Alirushwa?

Hukuishia hapo. Baba alikuwa nje anachonga fito za paa la kanisa lako. Ukapaza sauti, "Mzee Isakwisa, ingia umsikie mkweo." Umemwita kwa jina, mbele ya mke wa mwanawe, na kumwingiza mlangoni. Tupokigwe akajifunika nguo kichwani. Mlango umezibwa na baba mkwe, atoke wapi? Akatokea kwenye tundu la dirisha, akaangukia kwenye matuta, na goti lake mpaka leo lina kovu. Baba akageuka akaziacha fito zake pale pale. Wewe ukawaambia wanawake, "Mmeona, anamkimbia Bwana."

Binamu, alimkimbia baba mkwe. Bwana alikuwamo mle tangu asubuhi, mbona huyo hakumkimbia?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mambo haya kwenu mnayo. Mjomba wangu, baba yako, akimwona bibi Rozalia mzaa mama yako anakuja njiani, si huingia kwenye mahindi mpaka mama mkwe apite? Nilikuwepo nilipowatembelea, nikamwona kwa macho yangu mzee mzima amechuchumaa kwenye mahindi na koti lake la kanisani. Mbona hamkumwandikia mchungaji kwamba mjomba amemkimbia Bwana? Au kujificha kwa Kibena ni adabu, na kujificha kwa Kinyakyusa ni ushenzi?

Na wewe mwenyewe, siku ya kwanza ulipohubiri bila mimi, ulitaka kusema habari za mchungaji mwema na kondoo wake. Ulichosema kilikuwa kitu kingine kabisa cha zizini, siwezi kukiandika kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa watu wa posta. Wazee waliinama wakashika midomo. Mama akasema, "Mwacheni, mtoto wa kaka yangu anajifunza." Hakuna aliyekuambia umemtukana Bwana. Tulikusahihisha njiani, tukakupa maziwa ya mgando ukanywa. Wewe ukapewa nafasi ya kukosea lugha yetu karibu mwaka mzima, Tupokigwe hukumpa nafasi ya neno moja.

Unapenda kuwaambia watu wa Iringa kwamba ulikuja kupanda kanisa Uyole. Nimeisikia habari hiyo, dereva wa basi aliileta. Binamu, ulipanda nini? Kiwanja alitoa baba. Udongo walikanyaga wanawake. Na wanawake hao wewe uliwaita kwa tarumbeta yako, wakakuchungulia kwenye migomba wakarudi ndani. Aliyewatoa ni Tupokigwe. Alikwenda nyumba kwa nyumba na mtoto mgongoni, akiwafundisha wimbo mmoja mmoja huku wanapalilia. Wewe ulikuta mche umeota, ukaumwagia maji moto.

Sasa nikupe habari za shamba lako. Jumapili kanisani wako wanaume tu, wanaimba kama ng'ombe wenye kiu. Baba haingii. Anasema hawezi kukaa katika nyumba aliyofanywa fimbo ya kumpigia mkwewe. Nilimwuliza kama nikuandikie matusi, akasema, "Usimtukane, ni mtoto wa shemeji yangu." Kwa hiyo barua hii haina matusi. Ikikuwasha, jikune.

Wanawake wanasali jikoni kwa Tupokigwe. Nimewasikiliza, maana huwa napita pale kuangalia kama kuna kiazi kilichoiva. Wakifika penye neno lile wote husema "atafika," hata wale ambao baba wakwe zao wana majina mengine kabisa. Nilimwuliza mmoja, mama Marta, mbona nawe unasema hivyo na hukatazwi. Akaniambia, "Hatumwachi mwenzetu peke yake mahali pale." Basi ukimfuta mmoja uwafute wote, na mchungaji umpe maji akanywe, kwa sababu wa kubatiza hatakuwa naye.

Mimi nataka jambo moja. Mwandikie mchungaji sasa hivi, kabla hamjapanda basi, kwamba ulikosea na kwamba Tupokigwe ameiva. Kisha ukifika huku, usiende kwanza kanisani wala usije kula kwa mama. Nenda jikoni kwa shemeji, umwombe radhi mbele ya wale wanawake, ili wazee wale wawili waache kumhesabia Juliana siku. Ukiona aibu, kumbuka yeye alitoka dirishani watu wanamwangalia.

Nilimwuliza mwenyewe nikuandikie nini kwa upande wake. Alikuwa anapepeta. Akasema, "Mwulize, kaka yako Ezekia akinikuta sijabatizwa akaniuliza kosa langu, nimjibu nini?" Nimekuuliza.

Kaka Ezekia mimi sijamwandikia bado. Nakupa wewe nafasi kwanza, kwa sababu damu ya mama yangu inaniomba. Haiombi kwa muda mrefu.

Nisalimie mjomba na koti lake. Nisalimie mke wa mjomba, mwambie anywe maji ya tangawizi kifua kitamwachia. Nisalimie bibi Rozalia, na dada Evarista na wanawe, na yule Philbert aliyenishinda kukimbia, mwambie sasa nina miguu mingine. Mama hakutuma salamu, ila aliponiona naandika alikuja akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza ukurasa, kisha akaenda. Hiyo ichukue kama salamu.

Mungu akutunze njiani, akupe masikio mapana kama alivyokupa mdomo.

Lakini usije ukadhani kwamba mchungaji atashuka, wewe utasimama na ile karatasi yako usome majina, nasi tuinamishe vichwa. Ukiliruka jina la shemeji, nitasimama mimi, na suruali yangu ndefu, nimweleze mchungaji habari yote tangu neno hadi dirisha. Nitaieleza kwa Kibena, lugha ya mama yangu na baba yako, usipate pa kusema hukuelewa.

Ni mimi akupendaye bado, ila mwaka huu kwa shida,

Saulo Isakwisa