Maneno ya Duke

Jumamosi, Januari

Eti "nilimfunza mwenyewe." Jirani yangu Keith amemwambia hivyo mwenye msitu, anayetaka kindi wanaoharibu miti yake wapunguzwe, na mimi nimesimama hapo hapo kando yake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Huyu jirani amekuwa mgonjwa wa nyonga miezi mitano, hata kushuka ngazi hawezi. Mbwa wake Duke alilishwa na nani? Kila asubuhi nikitoka shifti kule nyumba ya wazee, kabla hata ya chai, nilikuwa na Duke uwanjani, nikimfunza kwa mkia wa kindi niliofunga kwenye kamba, na nikisema "rudi" anakimbilia miguuni pangu. Nilimfunza kwa Kiswahili. Mbwa huwezi kumdanganya kwa Kiingereza cha kazini.

Leo Keith amepona, tukaenda msituni pamoja. Miti haina jani hata moja. Keith akaamuru kwa Kiingereza, Duke akanitazama mimi. Nikasema polepole, "Tafuta." Akanusa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mti mmoja, akaketi akibweka huku ameinua kichwa. Kindi alikuwa juu kabisa. Keith akamwangusha kwa bunduki yake ya upepo, mwenye msitu akampongeza.

Tulipofika mlangoni kwake akanipa kalamu. "Niandikie maneno unayomwamuru. Kuanzia kesho nitakuwa naye mwenyewe."

Shukrani ya punda ni mateke. Na nitazoea vipi huyu mbwa kuwa ng'ambo ya ua, nikimsikia tu...

Nilimwandikia: tafuta, kaa, nyamaza, acha.

"Rudi" sikuandika.